Weusi Usio na Vumbi

Kwanza ulikuja mkwaruzo. Nilikuwa kitandani, giza limejaa chumba, na kitu kilikuwa kinatambaa juu ya ukuta wa korido, kikavu, polepole, kama jani linaloburutwa na upepo juu ya saruji. Kikasimama. Kikapapasa mahali pamoja, kikarudi nyuma kidogo, kikaendelea. Nilidhani ni panya, kisha nikadhani ni mwizi. Nilipofungua mlango wangu na kuinua taa ya mafuta, nikamwona Papa. Alikuwa amevaa kofia yake nyeusi na koti, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimebandikwa ukutani.

“Papa, unatafuta nini?”

“Minatafuta mulango wa inje,” akasema. “Jana ulikuwa hapa.”

Akacheka, nami nikacheka. Nilimshika kiwiko nikamfungulia. Mlango ulikuwa mbele yake kabisa, karibu kuliko urefu wa mkono wake, na hakuuona. Nilicheka mpaka alipopita kizingiti. Kisha nikabaki nimesimama na taa yangu, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Wakati huo nchi yetu iliitwa Zaire, na Papa alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, Kalemie, kando ya barabara inayoshuka bandarini. Watu walikuja kupiga picha za kadi ya chama, za shule, za ndoa. Watoto wa komunyo ya kwanza walisimamishwa mbele ya kitambaa cheusi kilichofunika ukuta mzima, wakiwa na mishumaa yao mikononi, na Papa akawaambia wasipumue. Malori ya mizigo yalipita nje tangu asubuhi, na kila lori lilituachia wingu jekundu. Ndiyo maana maisha yake yote yalikuwa vita na vumbi. Chembe moja ikitua juu ya pelikile, ile filamu ya kamera, wakati wa kusafisha picha, inazuia mwanga, na kwenye karatasi inatoka kama doa jeupe. Juu ya uso wa mtu, doa hilo ni ugonjwa. Juu ya kitambaa cheusi, ni tundu. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba yetu alijifunza, kabla ya kujifunza kusoma, kwamba mlango unavutwa nyuma yako unapotoka, taratibu, bila kuubamiza, ili mavumbi yasiingie ndani.

Na vumbi lililoingia kwa nguvu aliliua mwenyewe. Alikuwa na meza dirishani, penye jua, na juu yake lupu, kile kioo kidogo cha kukuza anachokibana mtu jichoni, chupa ya wino mweusi, na brashi yenye nywele chache kuliko kope za mtoto. Alikaa pale saa nzima akigusa doa jeupe moja baada ya lingine mpaka yote yakatoweka. Kazi hiyo aliiita retushi. Mimi niliiona kama sala.

Alikuwa akinifundisha kazi. Zoezi la kwanza alilonipa halikuwa kupiga uso wa mtu. Lilikuwa kupiga picha kitambaa cheusi, kitupu, na kuitoa kwenye karatasi bila doa hata moja.

“Mutu akishindwa kutengeneza nyeusi safi,” alisema, “atatengeneza namna gani sura ya mwenziwe?”

Sikuwahi kufaulu. Kila karatasi yangu nyeusi ilitoka na chembe zake. Alizipitisha mbele ya lupu, akazirudisha, nami nikaanza upya.

Daktari wa hospitali ya misioni alisema ni presio ya macho, na kwamba kilichokwisha kufungwa hakitafunguka. Macho ya Papa yalikuwa yanafunga kuanzia pembeni. Katikati palibaki tundu la mwanga ambamo, penye jua, kwa lupu, aliweza bado kuona kitu cha ukubwa wa ukucha, na kukiona vizuri. Lakini mlango hakuuona. Mtu aliyesimama kando yake hakumwona. Na jua likishazama, hakuona chochote.

Alikuwa amezaliwa Mpala, kule kwenye misioni ya zamani, kando ya ziwa. Babu alikuwa na desturi ya kumtoa nje wakati wa kiangazi, kipwa kama tunavyokiita kwetu, alfajiri kabla mashariki hayajapauka, na kumwonyesha nyota tatu zinazopanda kutoka majini, moja juu ya nyingine. Ya juu ni nsenzi, yule panya mkubwa wa kwenye matete, anakimbia. Ya katikati ni imbwa, anamfukuza. Ya chini ni muwindaji, anatoka ziwani wa mwisho, amechoka. Zikionekana zote tatu, watu walijua kwamba msimu wa kuwinda na kuchoma majani umefika. Papa hakuwa mwindaji, na shamba letu lilikuwa matuta machache ya mihogo nyuma ya nyumba. Lakini kila kipwa alitoka uani alfajiri, akasimama na kofia yake akiwatazama wale watatu, kisha akarudi ndani akiwa mtu mwenye furaha. Ilikuwa kana kwamba amepata habari za nyumbani kwao.

Asubuhi ile ya mkwaruzo, tulisimama uani pamoja. Ziwa lilikuwa linapumua chini kule, na taa za wavuvi wa ndakala, dagaa wa kwetu, zilikuwa bado juu ya maji. Mbingu ilikuwa safi. Papa aliinua uso, akaugeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta sauti.

“Imbwa iko?” akaniuliza.

“Iko, Papa.”

“Na nsenzi?”

“Naye iko.”

“Muwindaji?”

“Anatoka sasa. Ameshatoka.”

“Basi muzuri,” akasema. Akashusha uso wake akabaki anaangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kipwa kile ndipo ilipoamuliwa. Studio ingefungwa. Mashine ya kukuza picha ingechukuliwa na mtu wa upande wa stesheni aliyekuwa anaitaka tangu zamani, na Papa angerudi Mpala kwa kaka yake. Mama angebaki mjini na sisi kwa sababu ya masomo na meza yake ya sokoni. Watu wazima waliliongea jambo hilo kwa sauti ndogo, lakini Papa mwenyewe alilisema kwa sauti ya kawaida, akiwa anakula.

“Hapa Kalemie minagonga kila kitu. Kule Mpala miguu yangu inajua njia bila miye.”

Mama aliinuka akaenda jikoni kutafuta chumvi, nayo ilikuwa mezani.

Mimi nilifikiria kitu kimoja tu: angeondoka bila kuwaona tena wale watatu. Mpala wangepanda juu ya kichwa chake kila alfajiri, naye angemuuliza mtoto wa mtu mwingine kama imbwa iko. Kisha nikaifikiria lupu. Nilifikiria meza ya dirishani, jua, na kitu cha ukubwa wa ukucha. Nyota za mbinguni hakuweza tena kuziona. Nyota za karatasi angeweza, kama nitawahi kabla lile tundu halijafunga. Sikumwambia. Nilitaka zimfikie bila kuzisubiri, maana alishasubiri vitu vingi ambavyo havikuja. Nilimwambia Mama peke yake.

Kamera nzuri ilikuwa imeshauzwa. Ilibaki ile kuukuu ya kukunja, aliyoachiwa na mzungu mmoja wa reli, yenye mfuko wa ngozi uliotobolewa na mende na kuzibwa kwa viraka vya mpira wa baiskeli. Kitufe chake kilikwama kikibonyezwa, kwa hiyo nilikifunga kwa uzi ili jicho la kamera libaki wazi, na nikatumia kofia ya Papa kulifunika na kulifunua. Miguu mitatu ya kuisimamishia ilikuwa imebaki miwili. Wa tatu niliutengeneza kwa mpini wa jembe. Kabatini palikuwa na pelikile moja ambayo muda wake ulikwisha zamani, na sanduku la karatasi za picha lililokuwa jepesi sana mkononi.

Saa sikuhitaji. Ndani ya chumba cha giza Papa alipima muda kwa sala, kwa sababu huko saa haionekani. Dawa ya kwanza Salamu Maria kadhaa, maji moja, dawa ya pili nyingine kadhaa. Hata mimi, nisiyemwomba Mungu sana, nilizijua kama mapigo.

Alfajiri ya kwanza niliifunua kofia nikasali fungu zima la rozari. Nilidhani nyota ni kama mtu maskini, ukimngojea sana atakupa zaidi. Jirani yetu, mama mmoja mwenye kununua ndakala ufukweni na kuziuza sokoni, alikuwa anashuka na beseni lake kichwani. Alisimama kwenye ua wa matete.

“Weye mutoto, unapiga nani foto mu giza hivi?”

“Nyota, Mama.”

“Nyota! Nazo wameziomba kadi ya chama?”

“Bado, Mama.”

“Basi uziambie zivue kofia. Masikio yote mbili yaonekane, ama watazirudisha!”

Alicheka mwenyewe mpaka chini kabisa, beseni likitetemeka.

Kipande cha pelikile nilichokikata kilipotoka kwenye dawa, hapakuwa na nyota. Palikuwa na mistari, yote imelala upande mmoja, kama mikwaruzo ya kucha. Mama yangu aliinua pelikile kwenye mwanga.

“Hizi njo nyota?”

“Zilitembea,” nikasema. Nilikuwa nimesahau kwamba mbingu inatembea. Nilikuwa nimesimama chini yake nasali, nayo ikaenda zake.

Baada ya hapo ulikuja moshi. Watu walikuwa wanachoma majani milimani, na kwa muda mrefu kila alfajiri ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Nilitoka, nikasimama, nikarudi. Siku nyingine umande ulitanda juu ya kioo, na picha ikatoka nyeupe yote kama jicho la mgonjwa. Siku nyingine boti ya ndakala ilirudi mapema na taa yake ikachora mnyoo mnene katikati ya kila kitu. Nyuma yangu nyumba ilikuwa inapungua. Viti vya studio viliondoka. Mandhari iliyochorwa mlima na maua, ambayo nusu ya mji ilipigwa picha mbele yake, ilikunjwa ikapewa kanisa. Kitambaa cheusi kikabaki peke yake ukutani, na mtu akiingia chumbani alihisi kwamba ukuta umetobolewa.

Papa alisikia milango ikifunguka alfajiri. Asubuhi moja akaniuliza, “Uko unafanya zoezi langu?”

“Ndiyo, Papa,” nikasema.

“Nyeusi imetoka safi?”

“Bado.”

“Itatoka,” akasema, na mkono wake ukatafuta kichwa changu, ukaishia begani.

Kisha upepo wa ziwa ukafagia moshi, siku mbili kabla ya safari. Sehemu moja tu ya pelikile ilikuwa imebaki. Safari hii sikuwa mroho. Niliondoa kofia, nikasema Salamu Maria moja, si haraka si polepole, nikairudisha. Wale watatu walikuwa wamesimama juu ya ziwa, mmoja juu ya mwingine, na imbwa katikati alikuwa anang'aa mpaka nikahisi baridi kwenye meno.

Jioni ya mwisho, kabla mtu wa stesheni hajaja na mkokoteni wake kuchukua mashine, nilitoa picha hiyo kwenye karatasi ya mwisho ya sanduku. Sitasahau jinsi zilivyotokea ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu. Karatasi ikawa kijivu, kijivu ikawa nyeusi, na ndani ya weusi zikabaki chembe ambazo hazikukubali kuzama. Ndogo sana, lakini nyeupe na za mviringo. Tatu zilizopangana, na nyingine nyingi pembeni ambazo sikuwahi kuzipa majina. Mama alikuja kusimama mlangoni.

“Ni zenyewe,” akasema. Akafuta macho kwa kitenge chake akaenda kufunga mzigo.

Niliitundika picha kwenye kamba ya studio ikauke. Mtumbwi wa mota wa kwenda upande wa Mpala ungeondoka mchana. Asubuhi kungekuwa na jua, na meza, na lupu. Nililala usingizi mzito, wa mtu aliyemaliza kazi yake. Sikusikia mkwaruzo wowote ukutani.

Nilipoamka, jua lilikuwa limeshaingia. Mama alikuwa ametoka kwenda kutafuta kijana wa kubeba sanduku. Nikaingia studio. Papa alikuwa ameketi dirishani, amevaa koti la safari limefungwa vifungo mpaka shingoni, lupu jichoni, brashi mkononi. Alisikia hatua zangu.

“Njoo,” akasema kwa furaha ambayo sikuisikia kwake mwaka mzima. “Njoo uone. Miye nilisema, siwezi kwenda na kuacha zoezi la mutoto nusu. Nilipapasa kamba, nikaikuta.”

Alinipa karatasi. Ilikuwa nyeusi.

Ilikuwa nyeusi kama kitambaa cha ukutani. Kutoka kona hadi kona, hapakuwa na chembe. Wino ulikuwa bado mbichi mahali pengine, uking'aa kidogo kwenye jua, kisha ukafifia nikiwa naangalia.

“Unaona?” Papa alisema. “Hiyo njo nyeusi. Ulikuwa karibu sana, mwanangu. Weusi wako ulikuwa muzuri, wa kina. Ni vumbi tu lilikuharibia. Nimeamka mapema, nilianza jua lilipoingia. Vumbi mingi! Nyingine ndogo kabisa, ilibidi nizuie pumzi. Lakini niliziona zote. Hata miye nilishangaa, jicho langu bado linafanya kazi. Palikuwa hata na matatu makubwa pale, yamepangana moja juu ya...”

Brashi ikasimama hewani.

Nje lori lilipita. Dirisha likatetemeka, na wino ukatetemeka ndani ya chupa yake.

Aliondoa lupu jichoni, akaiweka mezani taratibu sana, akabaki ameishikilia kwa vidole viwili.

“Moja juu ya lingine,” akasema.

Niliigeuza karatasi kwenye jua, kana kwamba zingetokea tena.

“Imbwa ilikuwa katikati?”

“Ndiyo, Papa.”

“Ilikuwa inang'aa kuliko wenziwe.”

“Ndiyo.”

“Niliiona,” akasema. “Iliniletea taabu, ilihitaji wino mara mbili.” Akajaribu kucheka, na kilichotoka hakikuwa kicheko. “Maisha yangu yote sijamuua munyama hata mumoja. Leo nimeua imbwa, na nsenzi wake, na muwindaji mwenyewe.”

“Pelikile iko, Papa. Tunaweza kutoa nyingine.”

“Kwa mashine gani? Kwa karatasi gani?” Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. “Na kwa jicho gani?”

Nilitaka kumwambia kwamba aliziona. Kwamba nyota moja moja, mpaka zile ndogo ambazo hata mimi mwenye macho mazima sikuzitambua, zilipita mbele ya tundu lake la mwanga, na akazikaribia kuliko mtu yeyote wa Mpala alivyowahi kuzikaribia. Maneno hayo nimeyapata sasa, miaka mingi baadaye, na hayana wa kumpelekea. Siku ile nilishika karatasi tu, na wino ukanichafua kidole gumba.

Mama aliingia na kijana wa mizigo. Alimtazama Papa, akanitazama mimi, akaiona karatasi. Akaweka kiganja mdomoni. Kisha, kwa sababu mtumbwi haungojei, akamwonyesha kijana sanduku, akachukua mwenyewe kapu la chakula, akasema kwa sauti iliyopasuka katikati, “Baba watoto, tunatangulia. Utatukuta barabarani.” Wakatoka.

Papa alisimama. Akanyoosha mkono.

“Nipe.”

“Hakuna kitu tena, Papa.”

“Nipe. Ni zoezi zuri. Na zimo ndani, si ndiyo? Hazikutoka. Ziko chini ya wino tu.”

Nikampa. Aliikunja mara moja, kwa uangalifu, akaitia ndani ya koti upande wa moyo. Nikamletea kofia. Ilikuwa bado na uzi wa kamera uliokwama kwenye ukingo, nikautoa. Nilitaka kumshika kiwiko mpaka mlangoni, lakini alitikisa kichwa.

“Weye baki. Leo nitauona.”

Akaenda ukutani. Kiganja chake kikaanza safari yake, mkwaruzo ule ule, sasa mchana kweupe, ukipita juu ya kitambaa cheusi bila sauti, kisha ukitokea tena upande wa pili juu ya chokaa. Akaupata mlango. Aliufungua, na mwanga na vumbi la barabara vikaingia pamoja, vumbi jingi, likielea na kumetameta ndani ya jua la chumba kitupu. Alisimama kidogo na mgongo wake kwangu, kama mtu aliyesahau kitu. Hakugeuka. Alivuka kizingiti, na mkono wake wa kushoto ukarudi nyuma kuutafuta mlango. Akauvuta, taratibu, bila kuubamiza, ili mavumbi yasiingie ndani.